Sahihi ya Mkono Uliofungwa

Faili lilikuwa jembamba mno. Mtu aliyepoteza vidole vinne huacha karatasi nyingi nyuma yake: za hospitali, za kazini, za daktari wa pili anayembishia wa kwanza. Humu zilikuwa saba tu. Mpelelezi wa Baraza la Rufaa alizipanga mezani moja moja, kama mtu anayecheza karata peke yake.

"Inasikilizwa Ijumaa," karani wa masijala alisema. "Na leo Jumatatu, Afande."

"Mimi si afande tena."

"Miaka ishirini ya polisi haitoki kwa kubadilisha shati."

Mpelelezi alikuwa ameshaanza kusoma. Madai yalipita njia ya kawaida. Mwajiri, kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali na hoteli, alitoa taarifa ya ajali ndani ya wiki, kama sheria inavyotaka. Daktari alijaza fomu ya ulemavu: mkono wa kulia, vidole vinne, ulemavu wa kudumu. Kisha afisa wa madai akapiga mhuri wa kukataa, kwa sababu nyuma ya taarifa ya mwajiri palibanwa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa maelezo ya mdai mwenyewe. Alikuwa mpiga pasi, na maelezo yalisema kwamba asubuhi ya ajali alikifunga kwa utepe wa kitambaa kile chuma cha kinga kinachosimamisha mashine mkono ukikigusa, huku akijua ni marufuku. Ya pili ilikuwa ya shahidi aliyemwona akikifunga. Anayeumia kwa kuvunja kanuni ya usalama makusudi halipwi. Mlango ulikuwa umefungwa, ikabaki rufaa.

Rufaa ililetwa siku ya ishirini na tisa kati ya thelathini zinazoruhusiwa. Mahali pa kuandika sababu palikuwa na sentensi moja: *Tunaomba mwangalie tena.*

"Tunaomba," mpelelezi alisoma kwa sauti. "Mrufani ni mmoja. Huyu wa pili ni nani?"

Karani alichungulia. "Shahidi wa mwajiri ni nani?"

"Wifi yake. Dada wa mumewe."

Karani aliguna mguno mrefu. "Basi hapo kuna nini cha kupeleleza? Wifi kamwona, wifi kamsema. Watu wameuana kwa kijiko cha chumvi, sembuse fidia."

Mpelelezi alirudi kwenye maelezo ya mdai. Sahihi ilikuwa nzuri, imelala kulia, herufi ya mwisho ina mkia. Tarehe kumi. Akavuta cheti cha hospitali. Ajali, tarehe tisa saa nne asubuhi. Upasuaji, tarehe tisa jioni. Mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko kwa wiki mbili.

Aliandika tarehe hizo mbili kwenye daftari lake, akachukua koti.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, mwisho wa kichochoro ambacho zege lake liliishia katikati. Mama mkwe wa mpiga pasi alikuwa sebuleni akikunja nguo. Alipokea shikamoo ya mgeni bila kusimamisha mikono.

"Wewe ni wa bima?"

"Wa baraza, mama. Wao walikataa. Sisi tunaangalia kama walikataa vizuri."

"Mtu akikataa, kuna vizuri yake?" Akaita kuelekea chumbani, "Mwanangu! Una mgeni." Kisha, kwa sauti ya chini, "Usimchoshe. Mumewe, ndiye mwanangu wa kumzaa, amefariki huu mwaka wa tatu. Nilimwambia huyu arudi kwao, bado kijana. Akanijibu, kwetu ni hapa. Ndio tunaishi hivi, mimi na yeye na binti yangu. Wanawake watatu na feni moja."

Mpiga pasi alitoka, mkono wa kulia ameufunika kwa mtandio. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, uso wa mtu asiyependa kusumbua watu. Mama mkwe alikusanya nguo zake akatoka uani, mlango akauacha wazi kidogo.

"Nani alifunga kile chuma?" mpelelezi aliuliza.

"Mimi."

"Lini?"

"Asubuhi ile ile."

"Kwa nini?"

"Mashine ilikuwa inasimama simama. Shuka nene likipita, chuma kinaguswa, mashine inazima. Kazi inalala." Alisema kwa mfululizo, kama mtoto anayekariri somo.

"Maelezo haya uliyasaini lini?"

"Kesho yake. Hospitali."

"Kwa mkono upi?"

Mpiga pasi alitazama mtandio. Nje, mama mkwe alikuwa akikung'uta nguo, kisha mlio wa kukung'uta ukakoma.

"Wa kushoto," alisema hatimaye.

Mpelelezi alikuwa na kalamu mfukoni. Kumpa na kumwambia *andika* kungechukua nusu dakika, na kazini walimjua kwa mambo kama hayo. Aliigusa tu kwa kidole, akaiacha palepale ilipo.

"Aliyeandika rufaa ni nani?"

"Wifi yangu. Mwandiko wake mzuri."

"Wifi yako ndiye shahidi aliyekuangusha."

"Usimguse wifi yangu," mpiga pasi alisema. Hakuinua sauti, lakini kwa mara ya kwanza alimtazama mgeni machoni. "Tafadhali, kaka. Mimi niulize chochote. Yeye muache."

*

Kiwanda kilikuwa na joto la kukausha macho. Mashine kumi na mbili za kufulia zilinguruma upande mmoja; upande wa pili, rola mbili ndefu za pasi zilimeza mashuka yaliyolowa na kuyatema yakiwa makavu. Kila rola ilihudumiwa na wanawake wawili, mmoja wa kulisha mashuka na mmoja wa kuyapokea. Chuma cha kinga kilikuwa wazi sasa, kimepakwa rangi nyekundu mpya.

Msimamizi alikuwa mtu wa haraka, shati limepigwa pasi hadi linasimama. Alitoa bahasha kutoka kwenye kabati.

"Ushahidi tumeutunza. Huo ndio utepe aliofungia. Nilimwonya yule mama mara nyingi."

"Ulimwonya kwa maandishi?"

"Kwa mdomo. Watu wazima hawaandikiwi kila kitu."

Mpelelezi aliumwaga utepe juu ya karatasi nyeupe. Ulikuwa mpana kiasi cha vidole viwili, umekatwa lakini fundo bado lipo. Aliugeuza kwa ncha ya kalamu. Upande wa nje ulikuwa wa kahawia, kama karatasi iliyosahauliwa karibu na jiko. Akalilegeza fundo kidogo kidogo mpaka mikunjo ya ndani ikafunguka. Ndani ulikuwa mweupe kabisa.

"Ulifungwa asubuhi, ajali ikatokea saa nne," alisema. "Unajua kitambaa kinahitaji muda gani kuungua hivi kwa mvuke tu?"

"Mimi si mtaalamu wa vitambaa."

"Una kiwanda kizima cha vitambaa."

Msimamizi alitazama saa yake. Mpelelezi aliurudisha utepe ndani ya bahasha, lakini kabla ya hapo alikuwa ameona jambo lingine: kwenye pindo, uzi wa buluu, mishono miwili sambamba.

Mtunza stoo alikuwa mama mnene wa makamo ambaye wenzake walimwita Kompyuta, ingawa hajawahi kuigusa. Vitu vyote alikuwa navyo kichwani na kwenye madaftari makubwa matatu. Mpelelezi alimuuliza kuhusu mashuka yenye uzi wa buluu.

"Ya ile hoteli ya pembeni ya stesheni," Kompyuta alijibu kabla swali halijaisha. "Walivunja mkataba mwaka jana, mwezi wa saba. Tarehe kumi na nne, Jumanne."

"Yaliyochanika hamkubaki nayo? Matambara?"

"Thubutu! Watu wale walikuja na orodha. Walichukua mpaka tambara la kufutia mikono. Sikubakiwa na uzi." Alilifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari. "Soma mwenyewe, nisije nikaitwa mwongo."

"Na mpiga pasi aliyeumia, alianza lini kwenye rola?"

Kidole kilihamia daftari la zamu. "Mwezi wa kwanza mwaka huu. Kabla ya hapo alikuwa juu, chumba cha kukunja. Ajali mwezi wa tatu. Maskini, hata miezi mitatu hakumaliza."

Mpelelezi alinakili tarehe zote, akamwomba Kompyuta aweke sahihi chini. Hesabu ilikuwa fupi. Utepe ulikatwa kutoka shuka lililoondoka mwezi wa saba. Aliyeumia aliifikia mashine mwezi wa kwanza. Aliukuta umeshafungwa, na miezi yote hiyo kila aliyepita pale aliuona.

"Kabla yake, nani alikuwa analisha rola ile?"

Kompyuta alilifunga daftari taratibu. "Wifi yake," alisema. "Na yeye pia ni mtu mwema, mzee. Nimekwambia kwa sababu umeuliza."

*

Wifi alikuwa kwenye mapumziko ya mchana nyuma ya jengo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na bomba la mvuke. Alipomwona mpelelezi hakushtuka.

"Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuuliza. Sahihi ya wifi yako unaijua?"

"Naijua."

"Unaweza kuiandika?"

Mwanamke aliutazama mvuke ukipanda na kupotea. "Nimeshaiandika," alisema.

Mpelelezi alitafuta ndoo nyingine, akaipindua, akakaa. Asubuhi alikuwa ameshaipanga kesi kichwani mwake: wifi amefunga chuma, mwenzake ameumia, wifi amemtwika mgonjwa kosa lake ili aokoke. Ilikuwa kesi safi. Sasa alimtazama yule mwanamke akifuta macho kwa kiganja, naye akaliweka daftari lake chini.

"Nilikifunga mimi, mwaka jana," wifi alianza. "Msimamizi ndiye aliyeniambia. Alisema mashine inasimama mara ishirini kwa siku, na akaushika ule utepe mwenyewe akanipa. Siku ya ajali nilikuwa upande wa kupokea. Nikaona shuka linakuja na mkono. Kesho yake alfajiri msimamizi akaja hospitali na karatasi. Akaniambia, ikiandikwa kwamba mgonjwa alifunga mwenyewe, bima italipa haraka, mambo yataisha. Ikiandikwa kwamba ulifunga wewe, utafukuzwa, na kesi itakwenda miaka. Nikaenda kumwambia wifi. Ndiyo kwanza katoka kupasuliwa, mdomo mkavu."

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Andika ni mimi. Mkono wangu umeshakwenda, kazi yako isiende nao. Mama atakula nini?' Nikamwambia siwezi. Akasema, 'Sasa utanibembelezesha na hali hii?' Nikaandika yangu, nikasaini na yake. Alikuwa ananitazama hivi, anatabasamu."

"Mlidhani atalipwa."

"Tuliambiwa atalipwa! Barua ya kukataliwa ilipokuja, aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya godoro, akaniambia usimwambie mama." Wifi alitikisa kichwa. "Mimi nataka kusema, afande. Tangu siku ile. Yeye ndiye anayenikataza. Anasema nikifungua mdomo, anaifuta rufaa."

Kengele ya kurudi kazini ililia. Wifi alisimama, akajifuta uso kwa aproni. "Nikisema, nitafungwa?"

"Sijui," mpelelezi alisema. "Ningekudanganya kama ningesema najua."

*

Alhamisi aliwaita wote wawili ofisini kwake. Walikaa kwenye benchi moja, wamegusana mabega, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Mpelelezi aliwaeleza polepole. Fidia ya kazini haimtafuti mwenye kosa. Fundi mzembe hulipwa, mwenye usingizi hulipwa, aliyesahau hulipwa. Iliwekwa hivyo ili mtu aliyeumia asilazimike kwanza kushtakiana na bosi wake. Kitu kimoja tu kiliuziba mlango wao: lile neno *makusudi* kwenye karatasi ambayo mgonjwa hakuisaini.

"Tarehe za stoo zinatosha kulitikisa," alisema. "Lakini wakili wao atauliza, kama si yeye, mbona alikiri? Hapo lazima mtu ajibu."

"Basi iachwe," mpiga pasi alisema upesi. "Nitajifunza mkono wa kushoto. Nimeshaanza kupika."

"Umepika nini? Juzi umeunguza sufuria," wifi alisema.

"Mara moja."

"Mara tatu. Sufuria mbili nilizisugua nikazificha." Wifi alimgeukia. "Miezi mitano nimekutii, wifi. Kaka yangu alipofariki ungeondoka, hakuna ambaye angekulaumu. Ulibaki ukamshika mama yangu. Sasa na mimi niache nishike kitu."

Mtandio ulikuwa umeteleza, na mkono ule mfupi ulikuwa wazi mbele ya mgeni. Mpiga pasi hakuufunika. Aliuweka juu ya paja la wifi yake, ukakaa hapo.

*

Chumba cha baraza kilikuwa na meza yenye umbo la kiatu cha farasi, viti kumi na dirisha lisilofunguka. Mwenyekiti, mama mwenye miwani ya kamba, alisikiliza tarehe za Kompyuta bila kuandika hata neno. Alipoonyeshwa utepe, kahawia nje na mweupe ndani, ndipo alipochukua kalamu.

Wifi aliapa. Alieleza yote, tangu utepe hadi sahihi. Wakili wa kiwanda alisimama akiwa na tabasamu dogo.

"Kwa hiyo unakiri ulighushi. Ulisema uongo kwa maandishi, leo unasema mengine. Baraza limwamini yupi, wewe wa siku ile au wewe wa leo?"

"Siku ile niliogopa kufukuzwa," wifi alisema. "Na leo naogopa vile vile, msimamizi wangu yule pale ananitazama. Lakini nyumbani nakaa meza moja na mwenzangu. Namwona mama yangu akimkatia nyama kama mtoto, naye anasema asante, na mimi ananiuliza kama nimeshiba. Nimeshindwa, mheshimiwa. Basi."

Wakili alikaa. Mwenyekiti alimgeukia msimamizi.

"Rola hiyo unaipita mara ngapi kwa siku?"

"Mara… nyingi, mheshimiwa."

"Tangu mwezi wa saba hadi wa tatu. Utepe huu hukuuona?"

Msimamizi alimtazama wakili wake. Wakili alikuwa akisoma kitu kwenye kiganja chake mwenyewe. Feni ilizunguka. Shati lililonyooshwa lilikuwa limeanza kulowa mgongoni.

"Niliuona," msimamizi alisema.

"Nani aliagiza ufungwe?"

Jibu lilikuwa dogo. "Mimi."

Wakili alifunika kalamu yake.

Uamuzi ulisomwa saa nane mchana. Kukataliwa kulitenguliwa. Madai yangerudi kwa afisa yakiwa yamekubaliwa, na daktari apime upya kiwango cha ulemavu, kwa kuwa mrufani alikuwa akitegemea mkono huo kwa kazi. Kuhusu sahihi, mwenyekiti alimsimamisha wifi, akamwonya kwa maneno makali yaliyochukua dakika nzima. Kisha akavua miwani na kuongeza kwamba kiwanda kitakachomwadhibu shahidi wa baraza hili kitarudi hapa kujieleza. Hawakumfukuza. Wiki iliyofuata walimhamishia kwenye kuhesabu taulo, kazi ambayo kila mtu aliichukia.

*

"Twende wote," mpiga pasi alimwambia mpelelezi nje ya jengo. "Mama hajui lolote. Sisi tukianza kueleza tutaharibu."

Mama mkwe aliwakaribisha, akazima redio. Mpelelezi alieleza kila kitu kwa mpangilio, kama anavyosoma ripoti: utepe, msimamizi, karatasi ya hospitali, nani alisaini kwa ajili ya nani, na sababu yake. Wale wawili walikaa wamejiinamia. Alipofika kwenye uamuzi alinyanyua sauti kidogo, kwa kuwa alidhani mama huyu angehitaji kuusikia mara mbili.

Mama mkwe hakuonekana kushangaa. Aliwageukia binti yake na mkwe wake.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mama."

"Mlinifanya kipofu. Huyu akienda kulia jikoni, huyu yuko na mimi hapa ananichekesha. Huyu akirudi macho mekundu, yule naye anakumbuka ana nguo za kufua. Miezi mitano mnalia kwa zamu kama mko kiwandani." Akaisogeza meza ndogo pembeni kwa mguu, nafasi ikapatikana mbele ya kiti chake. "Nikasema, nisiwaulize, wakichoka wataniambia. Haya. Zamu zimekwisha. Njooni mlie wote pamoja, mimi nikiwaona."

Wifi ndiye aliyeanza kuinuka, lakini mpiga pasi alimtangulia.

Mpelelezi alichukua koti lake, akautafuta mlango kimya kimya.